Mtaro wa Mtaani Kwako Unaishia Wapi?

Asubuhi baada ya usiku wa mvua kubwa ya masika, bahari ikiwa imekupwa, simama kwenye Daraja la Salander, jijini Dar es Salaam, uangalie upande wa mikoko. Kandambili za mguu mmoja mmoja. Chupa za maji. Kipande cha godoro, mfuko wa saruji, nepi, kifuniko cha ndoo. Vyote vimenasa kwenye mizizi ya mchu, ile inayochomoza juu ya tope kama penseli ili mti upate kupumua. Nilipita hapo kwa miguu mwezi Aprili mwaka juzi, nikahesabu kandambili hadi 40, nikaacha. Hakuna aliyekuja kuzitupa pale darajani. Zilisafiri. Nyingine zilitoka Tandale, nyingine Vingunguti, nyingine pengine zilianza safari Kinyerezi kabisa, kwa watu ambao bahari huiona siku ya Idi na Pasaka.

Liko swali moja ambalo tukiulizana mtaani, majibu hayafanani: mtaro unaopita mbele ya nyumba unaishia wapi? Wapo wanaosema unaenda kwenye mabwawa ya DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji. Wapo wanaosema unaishia "huko bondeni". Jibu la kweli, karibu kwa Dar es Salaam nzima, ni fupi: unaishia baharini, na njiani maji yake hayachujwi wala kusafishwa popote.

Hapo ndipo penye fundo lenyewe. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiuliza swali la kwanza tu, yaani maji yatoke vipi mtaani haraka. Swali la pili, maji hayo yanafika baharini na nini na kwa kasi gani, tumeliacha kwa wavuvi na kwa bahari yenyewe.

Njia mbili zinazokutana gizani

Jiji lina njia mbili za maji machafu, na kwenye karatasi hazikutani. Ya kwanza ni ya majitaka: kutoka chooni, kupitia mabomba yaliyofukiwa na chemba zake, hadi kwenye mabwawa ya kutibu majitaka kama yale ya Vingunguti na Kurasini, ambako maji hukaa siku kadhaa ili jua na vijidudu vifanye kazi yake. Ya pili ni ya maji ya mvua: mtaro, kalavati, kijito, mto, bahari. Hii ya pili haikujengwa kwa ajili ya uchafu wowote. Ilijengwa kwa kuamini kwamba maji ya mvua ni masafi.

Tatizo ni kwamba nyumba zilizoungwa kwenye mabomba ya majitaka ni chache. Wengi tunatumia shimo au karo, na likijaa tunaita gari la kunyonya. Lakini gari halipiti kwenye uchochoro wa Manzese, na hata likipita, bei yake kwa familia yenye wapangaji sita ni ya kufikiria mara mbili. Ndipo linapokuja jambo ambalo kila mkazi wa uswahilini analijua na hapendi kulisema mbele ya wageni: kutapisha choo. Mvua ikianza kunyesha usiku, mtu anatoboa ukuta wa shimo au anafungua bomba alilolificha, na kinyesi kinaondoka na maji ya mvua. Kufikia alfajiri hakuna ushahidi, ila harufu.

Ni rahisi kumlaani anayefanya hivyo, na kwa kweli anastahili faini iliyowekwa. Ila ukikaa karibu na jambo hili unaona kwamba anatapisha kwa sababu mtaro ndiyo huduma pekee ya majitaka iliyofika mlangoni kwake. Kipindupindu kilipozuka jijini Agosti 2015, watu walikumbuka kwa uchungu kwamba maji ya mtaro hupita karibu na visima vifupi, karibu na watoto wanaocheza, karibu na meza za mama lishe. Baharini yanapofika, yanakuwa yamekwisha pita kwenye maisha ya watu wengi.

Juu ya kinyesi ongeza vingine. Oili ya gereji. Majivu na vumbi la barabarani. Sabuni. Maji ya viwandani yanayoingizwa mtaroni kinyemela. Tafiti za miaka mingi kando ya Mto Msimbazi zimekuta metali nzito kama risasi na kromiamu kwenye maji, kwenye udongo, hata kwenye mchicha unaolimwa bondeni. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inafagia miezi miwili mitatu ya uchafu kwa mpigo mmoja. Baada ya wiki ya mvua, maji ya mtaro huwa na afadhali. Kwa hiyo anayetaka kuikinga bahari angehangaika zaidi na zile saa chache za mwanzo wa msimu kuliko na masika yote.

Hesabu ya bati moja

Kuna hesabu ndogo ambayo kila mwenye nyumba angeifanya walau mara moja. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ya Dar es Salaam si kioja, maana yake ni lita 50 kwa kila mita ya mraba. Bati la nyumba ya kawaida, tuseme mita za mraba 60, linapokea lita 3,000. Hayo ni matenki matatu ya lita elfu moja. Mtaa wenye nyumba 200 unamwaga lita 600,000, sawa na maboza 60 ya lita 10,000, na yote yanaelekea kwenye mtaro mmoja ndani ya saa mbili au tatu. Hapo hujahesabu barabara ya lami, ua uliosakafiwa, wala uwanja uliopigwa peving.

Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilinyweka palepale. Udongo wa Dar es Salaam kwa sehemu nyingi ni kichanga, unakunywa. Lakini jiji lililohesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012 lilihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, na kila familia mpya inahitaji paa na njia ya kufika kwake. Bati na saruji havinywi. Kwa hiyo hata kama mvua haikuongezeka kwa tone, maji ya mtaroni yangeongezeka tu.

Ndiyo maana nasema tenki chini ya mchirizi wa bati ni sehemu ya miundombinu ya jiji, ingawa hakuna mkandarasi atakayekata utepe wake. Nyumba 200 zikizuia lita 1,000 kila moja, mtaro unapunguziwa lita 200,000. Na maji yale ya kuoshea na kufulia hayanunuliwi. Shimo la kunywesha maji lililojazwa mawe nalo husaidia, lakini kwa walio juu. Kwa jirani zetu wa bondeni, Hananasif au Kigogo, shimo la namna hiyo ni kazi bure: maji ya ardhini yako karibu mno, ukichimba kidogo unayakuta, tena yamekwisha changanyika na ya vyooni. Ushauri mmoja haufai jiji zima, na vipeperushi vingi vya mazingira husahau hili.

Mto unaobeba mlima kwenda baharini

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na kutembea kilomita zipatazo 35 hadi unapoingia baharini hapo Salander. Njiani unapita Kinyerezi, Vingunguti, Tabata, Kigogo, Magomeni na Jangwani, ukipokea vijito vya Luhanga, Ubungo na Sinza, huo wa Sinza ambao wengi tunauita Mto Ng'ombe. Ukiangalia ramani unaona kwamba sehemu kubwa ya watu wa jiji wanaishi ndani ya bonde hili bila kujua. Aliyejenga Kimara juu kabisa, asiyewahi kuona mafuriko, naye ni mkazi wa bonde, kwa maana maji yake yanashuka humo.

Vilima vya Pugu na Kinyerezi ni vya udongo mwepesi. Mwenye kiwanja anafyeka, anasawazisha, anaanza msingi, hela inaisha, na mvua ya msimu huo inachimba korongo pembeni ya msingi. Udongo unashuka. Jangwani, mahali mto unapotandaa na kupunguza mwendo, udongo huo unatulia, na sakafu ya mto inapanda mwaka hadi mwaka hadi nafasi chini ya daraja la Barabara ya Morogoro inakuwa ya kuinama. Hii ndiyo sababu barabara ile hufungwa kila mara hata kwa mvua isiyo ya kutisha, na katapila likichimbua mchanga leo, baada ya misimu michache uko palepale. Anayetaka kuitibu Jangwani inabidi apande Pugu.

Halafu kuna bahari yenyewe. Watu wa pwani wanajua bamvua, siku bahari inapopanda na kushuka sana, na maji mafu, siku inapopanda na kushuka kidogo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mvua kubwa ikikutana na bamvua iliyojaa, mto unafika Salander unakuta mlango umefungwa: maji ya chumvi yanaingia, ya mto hayatoki, yote yanarudi nyuma kuelekea Jangwani. Mvua ileile ikinyesha siku ya maji mafu, hasara inaweza kuwa ndogo. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 na kuzihamishia familia nyingi Mabwepande, yalitufundisha tuangalie mvua. Inafaa tuangalie na mwezi.

Bahari inapokea nini

Kwa jicho la haraka maji ya kahawia yanayoingia baharini hupotea baada ya siku mbili, na watu wanasema bahari imejisafisha. Haikujisafisha. Tope limetua chini. Matumbawe ni wanyama wanaoishi kwa kushirikiana na mwani mdogo sana ulio ndani ya miili yao, unaohitaji mwanga wa jua. Tope likitanda, mwanga haufiki, na vumbi laini linawafunika kama blanketi. Kinyesi na mbolea vinarutubisha mwani mwingine, ule wa nje, nao ukikua kuliko kawaida unaziba nafasi ambayo tumbawe changa lingeshika. Majani ya bahari, ambamo samaki wadogo hujificha na tasi hula, nayo yanateseka kwa njia hiyohiyo.

Mwaka 1975 serikali iliweka visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini kuwa maeneo tengefu ya bahari. Ulikuwa uamuzi wa busara wa mapema sana. Mipaka ile inazuia nyavu haramu na baruti. Maji ya mtaro haiyazuii, kwa sababu maji hayana leseni ya kukaguliwa, na mkondo wa bahari kwenye pwani yetu huelekea kaskazini, ndiko viliko visiwa hivyo. Askari wa hifadhi anaweza kufanya kazi yake kwa uaminifu mwaka mzima na bado matumbawe yakafa kwa udongo wa kiwanja cha Kinyerezi.

Kati ya mtaro na matumbawe kuna mlinzi mkubwa wa asili, mikoko. Maji yakiingia kwenye mikoko yanapunguza kasi, tope linatulia kwenye mizizi, vijidudu vya kwenye tope vinakula sehemu ya uchafu. Na yote hayo bila umeme. Lakini mikoko ina kiwango chake. Mizizi ile ya kupumulia ikifunikwa na nailoni na udongo mwingi kwa wakati mmoja, mti unakosa hewa na kufa ukiwa umesimama. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilisaidia kwa kiasi ambacho jicho linakiona. Chupa na vifungashio vingine bado vinaingia.

Hapa niweke tahadhari, maana jambo hili linachanganya hata wanaolipenda. Mchanga wa mtoni si adui wa pwani. Fukwe zinaishi kwa mchanga unaoletwa na mito. Kunduchi imekuwa ikiliwa na bahari kwa miongo kadhaa, hoteli moja ya ufukweni ilimezwa kabisa, na mojawapo ya sababu zinazotajwa na wataalamu ni uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoulisha ufuko huo. Mchanga mzito unaosogea polepole unajenga ufuko. Tope laini linalokuja kwa mkupuo linaua matumbawe. Mto uleule huleta vyote viwili. Kwa hiyo vijana wanaochimba mchanga mitoni si wa kufukuzwa tu wala si wa kuachiwa tu. Panapojaa, kama Jangwani, kuchimba kwa kibali ni kusafisha. Panapolisha ufuko, kuchimba ni kuiba nyumba ya mtu aliye mbali.

Mali ya nani?

Uliza mtaro ni wa nani. Ukiwa kando ya barabara kuu ni wa TANROADS. Kando ya barabara ya mtaa ni wa TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Taka zilizomo ndani yake ni za halmashauri. Kinyesi kilichomo kinaihusu DAWASA. Ukifika mtoni, mto uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Uchafuzi unasimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na ufuko wa bahari. Mikoko iko chini ya TFS, wakala wa misitu, visiwa chini ya watu wa hifadhi za bahari. Tone moja la mvua linavuka mipaka ya ofisi zote hizi kwa muda usiozidi siku moja, na kila ofisi ina kipande chake cha ukweli.

Ndiyo maana ninaipenda kazi ya Ramani Huria. Ilianza mwaka 2015: wanafunzi wa vyuo vikuu wakiongozana na wakazi wa kata, simu mkononi, wakapita kichochoro kwa kichochoro kuchora mitaro, kalavati, upana wake, palipoziba, na maji yalifika ukutani kimo gani. Mzee anaonyesha alama kwenye nguzo ya nyumba, kijana anaandika. Ramani ikawekwa wazi kwa kila mtu. Kabla ya hapo mhandisi angeweza kupanga mtaro wa mtaa ambao kwenye ramani yake ulikuwa eneo tupu.

Mradi wa DMDP, ule wa kuendeleza miundombinu ya jiji kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulijenga mitaro mikubwa ya zege, ukiwemo Mto Ng'ombe. Waliokuwa wakilala juu ya meza kila masika wamepumua, na mtu asiyewahi kulala juu ya meza asiwabeze. Lakini mtaro wa zege ni barabara ya kasi ya maji. Unayatoa kwangu upesi na kuyafikisha kwa aliye chini upesi zaidi, pamoja na kila kilichomo.

Mradi wa Bonde la Msimbazi unajaribu njia pana zaidi. Thamani yake ni dola za Marekani milioni 260, ambapo milioni 200 ni mkopo wa Benki ya Dunia na zilizobaki zinatoka Hispania na Uholanzi. Nyumba za bondeni zimelipwa fidia na kubomolewa, mto unapanuliwa, daraja jipya la juu zaidi linachukua nafasi ya lile la Jangwani, karakana ya mabasi yaendayo haraka inahamishwa, na sehemu ya bonde itakuwa bustani ya jiji inayoruhusiwa kujaa maji. Wazo hilo la mwisho ndilo naliona la maana kuliko yote, kuupa mto mahali pa kukaa ukijaa. Maji yanayokaa kidogo yanaacha tope na taka mahali zinapoweza kuzolewa. Hofu yangu ni juu ya huko Pugu. Daraja linaonekana na kila mtu. Kuzuia makorongo kwa majani, miti na gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, hakuonekani, na kazi isiyoonekana ndiyo hukatwa bajeti kwanza. Tena ningetaka mafanikio yapimwe pale Salander pia, kwa maji yanayoingia baharini, si kwa Barabara ya Morogoro kupitika tu.

Miradi midogo nayo ina la kusema. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Mto Mlalakua, ule unaopita upande wa Mwenge na Mikocheni kwenda baharini, uliwakutanisha wakazi, kampuni, mashirika na taasisi za serikali wakausafisha na kuweka utaratibu wa kuzoa taka za kando yake. Usafi wenyewe ulikuwa kazi ya siku chache. Kazi kubwa ilikuwa kumpata wa kuzoa taka wiki inayofuata, na inayofuata.

Mtaani kwetu tumelipata somo hilo kwa njia ya aibu kidogo. Tangu ile siku ya Uhuru ya mwaka 2015, sherehe zilipofutwa tukaambiwa tufanye usafi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka na majembe. Tunazibua mtaro, tope tunalirundika ukingoni, tunanawa mikono, tunaondoka. Rundo linakauka. Mvua inalirudisha mtaroni. Miaka mingi tulifanya hivyo, hadi mama mmoja anayeuza chapati pale kona aliposimama kwenye mkutano wa mtaa akasema, "Jamani, mimi ndiye nakaa na hilo tope. Mnalianika, likikauka linarudi mlemle. Kwa nini tunajisumbua?" Mwenyekiti alinyamaza, kisha akasema, "Mama, hapo umesema."

Sasa kila nyumba inatoa sh. 1,000 kwa mwezi, na guta linapakia tope siku ileile linapotolewa. Tumefunga chekeche la nondo mwisho wa mtaro, kabla haujaingia kalavati, na kijana analipwa kulisafisha kila mvua inapotishia. Mwezi Novemba alitoa viroba 11 vya chupa na nailoni. Vuli ile mtaro haukufurika upande wetu. Kalavati lenyewe, lililo chini ya barabara kubwa, bado limeziba nusu, na si letu kulifungua. Tumeandika barua mbili. Ya tatu tumeiambatanisha na ramani, kipimo cha kimo cha tope na picha ya viroba vile 11, na mtendaji ameipeleka kwa mkono. Mvua za masika zinaanza Machi.